SOMO: Gari dogo la zamani, safari fupi, na injini isiyopata moto

Wakuu, salaam. Naendesha Toyota Starlet EP91 ya mwaka 1997, injini 4E-FE, gia za mkono. Kila siku natoka Tabata Kimanga kwenda Ilala Boma, kilomita kama 7 kwenda na 7 kurudi, katikati kuna foleni ya Buguruni. Mwaka jana nilipima nikakuta lita moja inanipeleka kilomita 9. Leo, njia ileile na mguu uleule, napata 12. Kwa siku 26 za kazi hizo ni lita 10 zilizobaki mfukoni. Ukichukulia lita kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi, ni elfu 30 kila mwezi, na vifaa vyote nilivyonunua vilijirudishia gharama mapema.

Naandika kwa kirefu kwa sababu naumia nikiona watu wanauziwa plagi, sensa na dawa za kumimina kwenye tenki, halafu kinachokula mafuta yao hakijaguswa.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Najua wengi wetu tunaweka ya elfu kumi kumi. Kwa mtindo huo huwezi kujua lolote. Jichange mara moja, jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, na umwambie muuzaji asiongezee. Andika kilomita za kwenye dashibodi. Tembea wiki mbili, rudi sheli ileile, ikiwezekana pampu ileile, jaza tena mpaka ijikate. Mimi nilikuwa nimetembea kilomita 216, zikaingia lita 24. Gawanya: 9. Rudia mara mbili kabla hujagusa chochote, na baada ya hapo badilisha kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha vitano kwa siku moja hutajua kipi kimekusaidia.

Hatua ya 2: Hakikisha injini inapata moto

Hapa ndipo penye somo lenyewe.

Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri. Nyingine inabaki matone kwenye chuma. Kompyuta ya injini inalijua hilo kupitia sensa ya joto la maji, kwa hiyo inamwaga mafuta zaidi mpaka maji yafikie joto lake. Ukisafiri Dar mpaka Morogoro, hizo ni dakika chache tu mwanzoni. Kwenye kilomita 7 inaweza kuwa nusu ya safari. Na kama thamostati haipo, ni safari nzima, kila siku.

Thamostati ni mlango mdogo. Injini ikiwa baridi unafunga, maji yanazunguka ndani ya injini tu na kupata moto haraka. Yakifika nyuzi 82 hivi unaanza kufunguka, yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Mafundi wetu wengi wana mazoea ya kuitoa gari likichemka tu, na wakishaitoa wanaiunga feni moja kwa moja, ukiwasha swichi inazunguka hata alfajiri. Gari langu nililinunua likiwa limefanyiwa yote mawili. Siku niliyogundua, nilifika Ilala, nikafungua boneti na kuweka kiganja kwenye rejeta. Ilikuwa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Mshale wa joto haukuwa umevuka robo.

Jipime hivi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, iwashe, kisha shika hozi ya chini ya rejeta kila baada ya dakika moja. Angalia mikono na nguo zisikaribie feni wala mikanda. Thamostati ikiwepo na ikiwa nzima, hozi ya chini inabaki baridi kwa muda, halafu inapata moto ghafla mlango ukifunguka. Kama hozi zote mbili zinapanda joto taratibu kwa pamoja tangu mwanzo, basi ama haipo au imekwama wazi.

Ukinunua mpya, usiifunge kabla hujaijaribu. Ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria la maji bila kugusa kitako, washa jiko. Maji yakikaribia kuchemka utaona kile kisahani cha katikati kinasogea polepole na kuacha upenyo. Ipua sufuria, ikipoa kirudi. Isipofunguka, rudisha dukani. Kwenye kuifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza pembeni kikae juu, maana ndipo hewa inapotokea, na weka gasketi mpya. Jaza kulanti, acha mfuniko wa rejeta wazi injini ikiwa bado baridi, iwashe mpaka mapovu yaishe huku ukiongezea. Ukishaufunga usiufungue tena injini ikiwa ya moto. Maji yale yana presha na yanaunguza uso.

Feni nayo irudishiwe swichi yake ya joto. Kazi hizi mbili peke yake zilinitoa 9 hadi 11.

Hatua ya 3: Iulize kompyuta

Kwa Starlet za umri huu huna haja hata ya mashine. Kwenye injini kuna kijisanduku cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, unganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa. Mbili, pumziko, mbili: hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Mbili kisha moja: 21, sensa ya oksijeni. Sensa ya joto ikidanganya kwamba injini ni baridi, utachoma mafuta hata ukiwa na thamostati mpya.

Hatua ya 4: Gari liserereke lenyewe

Ukitoka safari fupi isiyo na breki nyingi, sogeza kiganja karibu na rimu moja moja. Inayotoa joto kuliko wenzake, breki yake inaburuta. Piga jeki, ondoa breki ya mkono, zungusha tairi kwa mkono. Langu la mbele kushoto lilikuwa gumu. Pini za kalipa zilikauka. Zikasafishwa, zikapakwa grisi ya breki, basi.

Upepo wa tairi usomwe kwenye stika ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kPa. 220 ni karibu sawa na 32 za geji zetu, yaani PSI. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Kijana wa upepo anayekuangalizia kwa macho hawezi kuona pungufu ya 8.

Hatua ya 5: Plagi, waya, chujio

Plagi za 4E-FE ziwe zile ambazo namba yake inaishia na 11, yaani uwazi wa milimita 1.1. Usiku fungua boneti injini ikiunguruma. Ukiona cheche zikirukaruka kwenye waya za plagi, waya zimekwisha. Chujio la hewa badilisha likichafuka, ila usitarajie muujiza. Likiwa na vumbi kidogo, kwenye gari la EFI (linalopimiwa mafuta na kompyuta, siyo kabureta) unapoteza nguvu kabla hujapoteza mafuta.

Hatua ya 6: Mguu

Ukiwasha asubuhi, subiri nusu dakika, ondoka taratibu. Injini inapata moto haraka ikitembea kuliko ikiwa imesimama. Ukiona foleni mbele, toa mguu mapema gari likiwa ndani ya gia. Kwenye EFI kompyuta inakata mafuta kabisa gari likiburuzwa na mwendo wake, lakini ukiweka frii inabidi imwage ya silensa, yaani ya kuifanya injini isizimike. Wazee wa kabureta walitufundisha frii kwenye mteremko. Kwa magari haya ni hasara, na breki inabaki peke yake.

MASWALI

Mkuu, fundi wangu aliitoa thamostati kwa sababu gari ilikuwa inachemka. Nikirudisha si itachemka tena?
Ikichemka, ujue ugonjwa ulikuwepo muda wote na ulifunikwa tu. Angalia rejeta kama imeziba, mfuniko wa rejeta kama unashika presha, pampu ya maji, na feni. Thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa inachemsha gari kweli, lakini dawa yake ni kuweka nzima. Tibu kwanza, rudisha baadaye, ila irudi.

Mimi niko Mbeya, mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali. Naiacha inaunguruma dakika 15 kabla ya kwenda kazini. Nafanya sawa?
Punguza, ndugu yangu. Injini ndogo ikisimama inakula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na ikiwa baridi zaidi ya hapo. Dakika moja inatosha kwenu, kisha endesha kilomita mbili za kwanza bila kuikamua. Kwako wewe thamostati ni ya lazima kuliko kwangu mimi wa Dar.

Vitz ya otomatiki, kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa O/D OFF, inawaka tangu ninunue. Ina shida?
Ikiwaka maana yake umeizuia gia ya juu. Bonyeza kitufe kilichopo kwenye mkono wa gia, izime. Kwenye foleni hutaona tofauti, ila barabara ikifunguka injini itapumua. Ikiwa inapepesa yenyewe, hiyo ni hitilafu ya giaboksi, ipeleke ikapimwe.

Kaka, nina Passo, taa ya injini imewaka. Nimeambiwa ninunue sensa ya oksijeni. Nifanyeje?
Dada, omba kwanza uonyeshwe namba ya kosa kwenye mashine, uipige picha. Ikiwa P0128, injini haifikii joto lake, anza na thamostati. P0115 ni sensa ya joto la maji au waya zake, ambayo aghalabu ni rahisi kuliko ya oksijeni. P0135 ndiyo inayohusu hita ya sensa ya oksijeni, na hata hapo waya na fyuzi vikaguliwe kabla hujatoa hela.

Niko Mombasa, kazini kwangu ni kilomita mbili pekee. Hizi hatua zitanisaidia?
Breki na upepo vitakusaidia. Kwenye joto utapata kidogo, kwa sababu kilomita mbili haziitoshi injini yoyote. Unganisha safari: sokoni, kazini, kumchukua mtoto, zote kwa mkupuo mmoja injini ikiwa bado ya moto. Na mara moja kwa wiki ipeleke hata kilomita 20 mfululizo, ili maji na petroli vilivyojikusanya kwenye oili vikauke. Oili yako nayo ibadilishe kwa kuhesabu miezi, usingoje kilomita, maana kwa mwendo huo zitachelewa sana kufika.

Umeweka thamostati ya bei gani?
Nilitafuta iliyopigwa muhuri wa 82 na kuinunua pamoja na gasketi yake. Bei zinatofautiana duka na duka, kwa hiyo nenda na ile ya zamani mkononi kama bado unayo, mlinganishe kipenyo. Kama ilitupwa, nenda na namba ya aina ya injini (kama 4E-FE yangu), siyo jina la gari tu.