Kurudi Kwenye Vyuma Baada ya Miaka Minne

Daftari la zamani ndilo lililoniponza. Nililikuta chini ya makoti ya mtumba, kona zimeliwa na mende lakini hesabu zinasomeka: kuchuchumaa na chuma mabegani, kilo 60, mara tano, seti tatu. Baada ya siku hiyo nilipata mtoto, kisha mama akaugua, na miaka minne ikapita sijagusa chuma. Basi nikaingia jimu yetu ya mabati huku mtaa wa Manyatta, Kisumu, nikapakia zilezile kilo 60. Ajabu ni kwamba zilipanda. Zilinipata siku ya tatu, nikawa nashuka matatu kinyumenyume na msalani nimeng'ang'ania mlango. Goti la kushoto likafura wiki tatu.

Kwa hivyo la kwanza: daftari la zamani lifungie kabatini, ununue jipya.

Sababu yenyewe ni hii. Msuli uliowahi kujengwa hurudi upesi kuliko ulivyojengwa mara ya kwanza, na mwili nao haujasahau jinsi ya kuinua. Lakini kano ni habari nyingine. Kano ni ile kamba nyeupe inayoshika msuli kwenye mfupa. Aliyewahi kutafuna supu ya miguu ya ng'ombe anaijua. Haipati damu nyingi kama msuli, kwa hivyo huimarika polepole. Wiki ya tatu misuli inakwambia ongeza, na kano haijasema lolote. Msikilize huyu aliyenyamaza.

Kabla hujaanza, pimwa presha, hasa ukiwa umepita miaka arobaini au umeongeza kilo. Mama aliyejifungua, ukiona mkojo unachuruzika ukiinua kitu au kuna uzito unashuka huko chini, muone mtaalamu wa fiziotherapia kwanza. Usione haya, tuko wengi.

Halafu pima vyuma vyenyewe. Jimu kama yetu ina gia za lori na saruji iliyomwagwa kwenye mikebe ya mafuta ya Kasuku, kila mkebe umeandikwa namba kwa rangi. Mimi nauza mtumba soko la Kibuye, na jirani yangu wa mahindi ana mizani ya magunia. Siku moja tukavipeleka kwa mkokoteni. Mkebe ulioandikwa 10 ulikuwa na kilo 8 na nusu. Pacha wake, kilo 11! Miaka yote hiyo nilikuwa nikiinua upande, na lawama za maumivu nikiutupia mto wa kulalia. Bomba letu la katikati lina kilo 9, ilhali lile la jimu za mjini huwa na 20, kwa hivyo usilinganishe namba zako na za mtu wa jimu nyingine. Futa namba za uongo, andika za kweli.

Sasa kazi. Anza na nusu ya ulichokuwa ukiinua, au chini yake. Mimi nilianza na kilo 25. Siku mbili kwa wiki zinatosha mwezi wa kwanza. Zangu ni Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu ikifika saa nne mabati ya Kisumu yanakuchoma kama umo ndani ya tanuri. Kila siku mazoezi manne tu: kuchuchumaa, kuinua chuma kutoka sakafuni, kusukuma juu ya kichwa, na kuvuta kuelekea kitovu huku umeinama. Seti mbili, kila moja mara nane. Kabla ya kupakia chochote, fanya seti moja na bomba tupu.

Kanuni ninayoishika kuliko zote ni ya akiba: weka chuma chini ukiwa bado unaweza kukiinua mara tatu au nne zaidi. Utajuaje? Sikiliza mwendo wake. Mara ya kwanza chuma hupanda kwa kasi fulani. Kikianza kujivuta, seti imekwisha hata kama ulipanga nane na umefika sita. Vijana wataongea. "Auntie, hiyo ni ya watoto." Mwambie ndiyo, na mtoto ninaye nyumbani ananihitaji nikiwa na magoti mawili.

Baada ya wiki nne ongeza seti ya tatu. Uzito wa miguu ongeza kilo 2 na nusu kwa wiki, wa mikono nusu ya hapo. Kama hakuna chuma kidogo hivyo, jaza mchanga kwenye chupa mbili za soda, uzipime, uzifunge huku na huku.

Hesabu pia kazi yako ya kila siku, maana hili wengi hulisahau. Robota la mtumba lina kilo 45. Siku mzigo ukifika, nikishashusha matano na mwenzangu, mgongo umeshafanya zoezi. Jioni yake au kesho yake siinui kutoka sakafuni. Mpanda boda, fundi mwashi, mama wa samaki, nanyi mnajua yenu.

Maumivu ya misuli huja kesho yake, hukolea siku ya pili au ya tatu, na hulegea ukitembea. Hayo ni ya kawaida. Maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole, hapo kwenye kiungo, siyo; punguza uzito au acha zoezi hilo. Na mkojo ukitoka na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, baada ya mazoezi makali, nenda hospitali siku hiyohiyo: msuli umevunjika na figo ziko hatarini. Kifua kikibana, vilevile.

Chakula sina mengi. Omena, mayai, maharagwe, mala, kila mlo uwe na kimojawapo. Ugali haujamkosea mtu.

Ukikosa wiki moja kwa malaria au matanga, rudi na uzito wa wiki mbili nyuma, usifidie. Mimi niko wiki ya kumi na nne, kilo 47 na nusu, goti kimya. Jumapili simo jimu. Kibuye siku hiyo watu ni kama siafu.