Kumwandalia simu mkulima asiyeona

Msimu wa korosho unapoanza, mkulima asiyeona wa Newala au Tandahimba hupata ujumbe wa malipo kwenye simu yake, kisha humtafuta mtoto wa jirani amsomee. Na huyo anayesoma kiasi cha fedha leo ndiye atakayeombwa kesho abonyeze namba ya siri. Anayeiandaa simu, awe fundi au ndugu, ahakikishe kwamba msomaji huyo hahitajiki tena.

Simu janja nyingi za Android zina TalkBack, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo. Isipokuwamo, hupakuliwa bure. Ingia kwenye Mipangilio, fungua sehemu ya Ufikivu, uiwashe. Tangu hapo simu hubadilika tabia: ukigusa mara moja inasoma, ukigusa mara mbili haraka inafungua, na orodha husogezwa kwa vidole viwili. Fundi asiyelijua hilo hudhani simu imeharibika.

Chagua sauti ya Kiswahili kwenye mipangilio ya usomaji, kwa maana ikibaki ya Kiingereza, ujumbe wa kwetu husomwa kwa matamshi ambayo hata mwenye lugha yake hayaelewi. Anza na kasi ndogo.

Penye kazi kubwa ni menyu za fedha zinazoanza na *150*, kwa sababu hujifunga baada ya muda mfupi, mara nyingi kabla sauti haijamaliza kusoma. Mfundishe mwenye simu akariri mpangilio wa namba, ili ajibu bila kusubiri orodha yote isomwe. Avae spika za masikioni anapoingiza namba ya siri, hasa akiwa sokoni au kwenye daladala. Mwenye kitochi hana sauti hiyo, lakini kitufe cha 5 kina alama ya kupapasa, na kutoka hapo vidole hujua vingine viko wapi.

Kwa kiziwi, washa mtetemo na mwanga wa kamera unaomulika simu inapoita. Mazungumzo ya video kwa lugha ya alama hula bando, basi lihesabiwe mapema. Mwenye mikono inayotetemeka huongezewa muda wa kugusa na kushikilia, katika sehemu ileile ya Ufikivu.

Kabla hujaondoka, mwache mwenye simu asome ujumbe wa mwisho, apige simu na aangalie salio, wewe ukiwa umekaa kando bila kuigusa. Akikwama, rudieni hatua hiyo kwa vidole vyake, si vyako.