Ukitaka kuishi kwa kukaba: njia ya gadi wa ulinzi kwenye mpira wa kikapu

Kama wewe ni gadi, yaani mchezaji wa nje anayeendesha mpira, na huna zile pointi 25 kila mechi, usivunjike moyo, nafasi ipo ila inabidi uitafute kwa mlango mwingine. Mechi ikibana kocha anageukia benchi anatafuta mtu mmoja tu, wa kumpa yule jamaa anayewachapa. Hiyo ndo kazi yako.

Anza na miguu. Wengi wanadhani kukaba ni mikono, wanarusharusha tu mikono mpaka wanajaza faulo kabla ya mapumziko. Shuka chini, kunja magoti, uzito uwe mbele ya nyayo sio kwenye visigino, na macho yatulie kwenye kiuno cha mtu, maana kichwa kinadanganya, mabega yanadanganya, mpira ndo kabisa, ila kiuno hakiendi popote bila mwenyewe kwenda. Ukitaka kuchokoa mpira, chokoa kutoka chini pale mpira unapopanda kutoka sakafuni. Ukipiga kutoka juu, hata kama umegusa mpira tupu, refa ameshapuliza. Na kwenye NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, tangu msimu wa 2004-05 waliikaza sana sheria ya kumwekea mtu mkono, zile mbinu za zamani za kumwongoza kwa kumshika kiunoni sahau, tumia kifua na miguu.

Sasa skrini, yaani mpinzani anaposimama njiani kukuziba usimfuate mwenye mpira, hapa ndo magadi wengi wanakufa. Usisubiri ugongwe ndo uanze kufikiria. Ukisikia tu mwenzako ameita, sogea umbane mwenye mpira, pitisha mguu wa mbele mbele ya mguu wa yule anayekuziba, geuka ubavu uwe mwembamba, nyonga ifuate mguu, yaani mguu ukipita mwili nao unapita. Hapo bado hujamaliza, maana sasa uko nyuma ya mwenye mpira, kwa hiyo mkimbize mgongoni asipate nafasi ya kusimama na kurusha, mrefu wenu anamsubiri chini ya ringi. Inachosha na inaumiza mbavu, ndo maana inalipwa. Ifanye mazoezini ukiwa umeshachoka, sio mwanzoni ukiwa fresh, kwa sababu kwenye mechi itakukuta umechoka.

Usiku kabla ya mechi angalia video za mtu wako. Anadunda mara ngapi kabla ya kurusha? Akibanwa anakimbilia mkono gani? Ukijua hayo mawili tu unafika kabla yake.

Halafu kuna jambo ambalo limekatisha njia za wakabaji wakali kweli, nalo ni kutojua kurusha. Muangalie Tony Allen wa Memphis Grizzlies, kwangu mimi ni mmoja wa wakabaji bora kabisa wa nje niliowahi kuwaona, alikuwa timu ya kwanza ya ulinzi (orodha ya wakabaji watano bora wa msimu) 2012, 2013 na 2015. Mei 2015 kwenye mchujo Memphis walikuwa wanaongoza Golden State mechi 2 kwa 1, kocha wa Golden State Steve Kerr akampanga Andrew Bogut, senta, yaani mrefu wa chini ya ringi, eti ndo amkabe Allen, yaani kiukweli walimwacha arushe anavyotaka na senta akabaki kulinda ringi. Series iligeuka, Golden State wakamaliza 4-2. Iliniuma sana ile. Kwa hiyo jifunze pointi tatu za kona, kwenye NBA pale ni kama mita 6.70 wakati juu katikati ni 7.24, ndo mtupo wa karibu zaidi na ndo utakaopewa. Huhitaji kurusha kama Stephen Curry, yule mrushaji hodari wa Golden State, hitaji lako ni mtu aogope kukuacha.

Njia yenyewe inaweza kuwa ndefu. Patrick Beverley alichaguliwa namba 42 kwenye drafti (zoezi la timu za NBA kuchagua wachezaji wapya) ya 2009, hakupata nafasi, akaenda kucheza Ukraine, Ugiriki na Urusi, akaingia Houston Rockets Januari 2013 na mwaka 2017 akawa timu ya kwanza ya ulinzi. Alex Caruso hakuchaguliwa kabisa 2016, akapita ligi ya chini, leo ana ubingwa wa 2020 na Lakers na wa 2025 na Oklahoma City Thunder. Kwenye mchezo wa 7 wa mchujo dhidi ya Denver 2025 Thunder walimpa amkabe Nikola Jokić, senta wa Denver, mtu anayemzidi urefu kama sentimita 15, na alikuwa anasimama mbele yake kuizuia pasi isimfikie kabisa. Kwa hiyo ofa ya ligi ya nje au ya daraja la chini ikija usiidharau, mradi utapewa dakika za kucheza.

Siku ya majaribio usihangaike kuonyesha krosi (kuhamisha mpira ghafla mkono hadi mkono) na madoido. Nenda kwa kocha kabla hawajagawa timu, mwambie "naomba nimkabe yule anayefunga sana", kisha umfuate uwanja mzima kuanzia pasi ya kwanza, na uongee kwa sauti muda wote, ita skrini, waelekeze wenzako.