Mulango ya vioo ya ku barza, usiamini serire (kitasa) yake tu

Bandugu ba Goma, mwenye iko na ile mulango ya vioo ya kusukuma ku barza, kama zile za manyumba ya Himbi, ajue mwizi mara mingi havunji kioo juu inapiga makelele, ananyanyua mulango tu inatoka mu reli pole pole na serire inabakia imefungwa. Jaribu leo muchana: funga, simama inje, shika na mikono mbili, nyanyua. Ikicheza, basi mwizi naye ataitoa.

Mimi nilikata muti ya fagio nikailalisha mu reli ya chini, upande wa ndani, nyuma ya mulango yenye kutembea, nafasi ya kidole isibakie. Alafu mu reli ya juu nikaingiza visi mbili, vichwa nikaviacha vinatokea kidogo, mulango inapita chini yake bila kugusa lakini hainyanyuke tena. Ni turnevisi tu, visi fupi, usiguse kioo!

Antivoli ya chuma (vyuma vya kuzuia mwizi) ni muzuri zaidi, lakini ifunguke toka ndani, moto ikitokea usiku mutapita wapi na batoto?

Na reli ufagie, ule muchanga mweusi wa volkano ukijaa mule serire haifungi mpaka mwisho.