Siku moja Dar peke yako: fuata maji

Kwa miaka sita Dar yangu ilikuwa Kariakoo tu. Nashuka Mbezi, napanda mwendokasi, nachagua viatu Mtaa wa Kongo, nafunga mzigo, narudi zangu Makambako. Nyumbani wakiniuliza bahari ikoje, nilikuwa nawajibu kwamba Dar kuna foleni. Kisha safari moja mzigo ukachelewa siku nzima, nikakaa gesti natazama feni inavyozunguka hadi nikajionea huruma. Nikatoka. Tangu hapo kila nikishuka Dar naacha siku moja ya kwangu, na hivi ndivyo ninavyoitumia.

Usijaribu kuimaliza Dar. Ukisema asubuhi Mwenge kwenye vinyago, mchana Mbagala kwa shangazi, jioni Kigamboni, utakachokiona ni matako ya magari. Mimi nafuata maji: naanzia Feri, kwenye soko la samaki, namalizia ufukwe wa Coco, na sehemu kubwa natembea kwa miguu. Siku nzuri ni Jumamosi. Jumapili Posta, katikati ya jiji, inapooza, maduka yamefungwa, na Coco inajaa hadi unakosa pa kukanyaga. Masika yakikolea, uliza kwanza kama bonde la Jangwani linapitika bila mafuriko.

Viatu nisikilize, ndiyo kazi yangu. Raba za kitambaa acha gesti. Sakafu ya Feri ina maji ya samaki muda wote, na yakiingia kwenye kitambaa utanuka hadi usiku. Vaa yeboyebo zenye kamba nyuma, ambazo umeshazizoea. Mfukoni weka noti ndogondogo na kitambulisho. Simu ikae ndani ya mkoba, na ukitembea kandokando ya barabara mkoba uwe upande wa ukutani, maana wapo wanaopita na pikipiki wakiwinda.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe Feri. Ukifika saa nne utakuta mizani na nzi. Mapema unaukuta mnada wenyewe: mtu amesimama juu ya meza ya zege, kamshika kolekole mkiani, anataja bei kwa kasi kama anasoma dua, na wanunuzi wanaongeza kwa kidole tu, wengine kwa nyusi. Usijikune pua. Simama nyuma, waachie njia wabeba ndoo, na wakikupigia kelele "mgongo! mgongo!" usigeuke kuuliza, sogea.

Kifungua kinywa ni hapohapo. Upande wa wakaangaji kuna makarai makubwa juu ya kuni na moshi unaotoa machozi. Kuna kaka mmoja huwa namkuta anakata pweza kwa kisu kilicholika hadi kimekuwa chembamba kama kijiti. Anakata mkono wa pweza vipande vya kidole, anavichoma njiti, anavimwagia chumvi na pilipili. Mara ya kwanza niliuliza, "Kipande bei gani, kaka?" Akanitazama usoni, akasema, "Onja kwanza, dada, bei haitakimbia." Ulize bei hata akisema hivyo. Mimi nilionja vipande vinane.

Ukishashiba, panda pantoni uvuke Kigamboni na urudi nayo, hata kama huna shughuli huko. Mara ya mwisho nililipa mia mbili kwenda na mia mbili kurudi, na hakuna mahali pengine utakapoiona bandari na ghorofa za Posta kwa mpigo mmoja kwa bei hiyo. Simama pembeni kwenye upepo. Kamera iache ndani ya mkoba, kwa kuwa Ikulu ipo jirani na wenyewe hawana utani.

Sasa Makumbusho ya Taifa, na hapa niliingizwa mjini kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilimwambia bodaboda, "Nipeleke Makumbusho." Akaondoka nami mbio, nikaona tunaiacha Posta, tunashika Barabara ya Bagamoyo, nikajua ndiyo njia. Nikashushwa Kijitonyama, kwenye stendi ya daladala inayoitwa Makumbusho! Jina hilo limetokana na Kijiji cha Makumbusho kilicho jirani, penye nyumba za asili za makabila mbalimbali. Ni pazuri, lakini sipo nilipokuwa naenda, na nauli ya kurudi nililipa tena. Kwa hiyo sema "Makumbusho ya Taifa, Posta, karibu na bustani ya Botaniki". Au tembea tu kutoka Feri, si mbali.

Usifike kabla ya saa tatu na nusu. Jengo la kwanza ni la mwaka 1940, na ndani ndiko anakotunzwa Zinjanthropus, lile fuvu la zamadamu ambalo Mary Leakey alilikuta Olduvai mwaka 1959. Shuleni tulilikariri hadi likatuchosha, lakini kusimama mbele ya yale meno makubwa ni habari nyingine. Kisha nenda kwenye magari ya viongozi. Kuna Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya Mwingereza, na baada ya Uhuru ikambeba Mwalimu Nyerere. Hapo mimi hukaa muda mrefu kuliko kwenye fuvu.

Ukitoka, shika Barabara ya Samora hadi kwenye Sanamu ya Askari. Mwaka 1927 Waingereza waliisimamisha kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana, pamoja na wale waliobeba mizigo, katika Vita Kuu ya Kwanza. Hao wabeba mizigo, Carrier Corps, ndio walioiachia Kariakoo jina lake. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu njia panda, maana nami nilikuwa nimetoka kubeba mzigo hukohuko. Shuka upande wa bahari uone kanisa la Azania Front lenye vigae vyekundu, kisha Mtakatifu Yosefu, yote mawili ya wakati wa Mjerumani. Mbele kidogo ni Boma la Kale, lililojengwa enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860. Kuta zake ni nene, ndani kuna ubaridi, na saa saba mchana Dar ubaridi ni mali.

Chakula cha mchana ni kwa mama ntilie, mitaa ya Kisutu. Watu wengi wanaona aibu kula peke yao. Mimi nilikuwa hivyo. Dawa yake ni benchi refu. Sogea, sema "Jamani, naomba nikae hapa," na ukishakaribishwa, hupo peke yako tena. Tafuta palipojaa madereva na matarishi wa ofisini. Uliza bei ya samaki mbali na bei ya wali kabla hajapakua, kwa sababu samaki ana saizi, na saizi ina bei yake.

Saa kumi na nusu jua likipoa, chukua bodaboda hadi Hospitali ya Aga Khan, halafu vuka Daraja la Tanzanite kwa miguu. Limefunguliwa mwaka 2022, linapita juu ya bahari yenyewe kama kilomita moja, na ukimaliza unaangukia upande wa Coco. Shikilia kofia. Wengi huja Coco kutazama jua likizama baharini, na hapo wanapotea: bahari ya Dar ipo mashariki, jua linazama mgongoni kwako, nyuma ya majumba ya Oysterbay. Njoo siku za mwezi mpevu, ndipo utakapoona kitu kinatoka majini.

Kula mihogo ya kukaanga na mishkaki, teremshia dafu. Chachandu ya pilipili omba kidogo kwanza, wana mkono mzito. Giza likiingia usitembee ufukweni wala njiani peke yako. Ita usafiri ukiwa bado umekaa kibandani, na umsubiri hapohapo penye taa.

Mihogo ikibaki omba wakufungie, lakini chachandu usiiweke mkoba mmoja na karatasi zako. Risiti zangu za Mtaa wa Kongo za safari iliyopita bado zina rangi ya pilipili.