Tengeneza ukurasa wa biashara kwa kuanzia kwenye simu ya mteja

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya kutengeneza kurasa za tovuti hapa Dodoma nilimtengenezea mama mmoja anayeuza zabibu za Hombolo ukurasa wenye picha tano kubwa. Kwenye kompyuta yangu ulifunguka mara moja. Tulipokutana sokoni Majengo akaufungua kwa simu yake, akasubiri weee, kisha akanipa simu: "Mwanangu, mbona inazunguka tu? Bando langu si litaisha?" Niliumia, kwa sababu alikuwa amenilipa. Tangu siku hiyo nafanya hivi.

Hatua ya 1: Maneno kabla ya rangi. Kaa na mwenye biashara, andika kwenye karatasi: anauza nini, yuko wapi, bei gani, namba gani ya simu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka na bei hupanda na kushuka, kwa hiyo weka bei kama maandishi ya kawaida, na tarehe yake pembeni. Ukiichora ndani ya picha, kila ikibadilika utachora upya.

Hatua ya 2: Mistari miwili ya mwanzo. Kwenye lebo ya html, ile inayofungua msimbo wa ukurasa, andika lang="sw", ili kivinjari na programu za kuwasomea wasioona zijue kwamba hiki ni Kiswahili. Kisha ndani ya head, sehemu ya maelekezo ambayo mteja haioni:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Bila huu wa pili, kivinjari cha simu hupanga ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa pikseli 980 hivi, halafu hukibana kila kitu. Herufi zinakuwa kama sisimizi.

Hatua ya 3: Picha. Hapa ndipo bando linapoliwa, usiharakishe. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kuwa na upana wa pikseli 4,000 na uzito wa megabaiti kadhaa, wakati kioo cha mteja hakihitaji hata robo ya hizo. Ipunguze hadi upana wa pikseli 800, ihifadhi kwa WebP, muundo wa faili unaofanya picha iwe nyepesi. Mimi natumia Squoosh, ni bure na inafanya kazi ndani ya kivinjari. Lengo langu ni kilobaiti 100 kwenda chini; ikizidi, napunguza ubora huku nikiitazama kwa macho.

Kila picha iandikie width na height zake. Usipofanya hivyo, maandishi yataruka picha inapofika, na mtu aliyetaka kugusa namba ya simu atagusa kingine. Picha za chini ziwekee loading="lazy" zisubiri zamu yao. Ile ya juu kabisa usiiwekee, utaichelewesha bure.

Hatua ya 4: Jaribu juani. Jua letu la saa saba mchana halina huruma na maandishi ya kijivu. Rangi #999999 juu ya nyeupe haifiki hata utofauti wa mwangaza wa 3 kwa 1, na mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Tumia #595959, kijivu kilichokolea zaidi, inafika 7 kwa 1. Kisha toka nje, usome.

Hatua ya 5: Vitufe. Usikifungie kitufe upana. "Buy" ni herufi tatu, "Wasiliana nasi" ni kumi na tatu. Kipe padding, yaani nafasi kuzunguka maneno yake, kijitanue chenyewe. Namba ya simu iwe kiungo cha tel:+255, ya WhatsApp iwe https://wa.me/255 ikifuatiwa na namba bila sifuri ya mwanzo. Hiyo sifuri imewapotezea watu wengi oda, ihakikishe kwa kugusa mwenyewe.

Hatua ya 6: Azima simu. Vifaa vya Chrome vya wasanidi vinaweza kuiga mtandao wa polepole, vitumie wakati unajenga. Ila kabla hujakabidhi kazi, omba simu ya mwenye biashara, zima Wi-Fi, futa kumbukumbu (cache) ya kivinjari, ufungue ukurasa ukiwa umesimama pale pale anapouzia.