Somo: Wajibu wa Mwendeshaji wa Mgahawa wa Franchaizi Katika Kanuni za Ujenzi

Katika franchaizi, yaani biashara unayoiendesha kwa mkataba chini ya jina la kampuni nyingine, mwenye chapa (kampuni yenye jina hilo) hukupa michoro ya mgahawa iliyogongwa muhuri, na wengi huichukulia kama ruhusa ya kujenga. Sivyo. Kwa kawaida mkataba hutamka kwamba yeye hukagua michoro kwa ajili ya mwonekano wa chapa yake tu, na kwamba kutii sheria za mahali, pamoja na gharama zake, ni juu ya mwendeshaji. Kisome kifungu hicho kabla ya kingine chochote.

Hatua ya kwanza ni matumizi ya kiwanja, kabla ya kusaini pango. Ikiwa hati ya nyumba unayotaka kupanga, tuseme iko Njiro, inasema makazi, mwenye hati ndiye anayepaswa kuomba mabadiliko ya matumizi katika Halmashauri ya Jiji la Arusha, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Asipokubali kuomba, tafuta nyumba nyingine.

Hatua ya pili, michoro irekebishwe na msanifu majengo aliyesajiliwa nchini, kisha uombe kibali cha ujenzi. Fundi asiguse ukuta kabla kibali hakijatoka, hata mwenye chapa akikuharakisha.

Hatua ya tatu ni jiko, na hapa naomba msipite haraka. Mitungi ya gesi ikae nje, penye hewa. Mafuta ya kukaangia yakishika moto hayazimwi kwa maji, kwa kuwa maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke papo hapo na kurusha moto hadi darini. Kwa hiyo weka karibu blanketi la moto na kizima moto kilichotengenezwa kwa moto wa mafuta ya kupikia. Bomba la kutolea moshi liwe na vidirisha vya kulisafishia, maana mafuta hugandia ndani yake. Maji machafu yapite kwanza kwenye chemba ya kunasa mafuta. Kisha liite Jeshi la Zimamoto na Uokoaji likague.

Hatua ya nne ni usajili OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi), ukaguzi wa bwana afya na leseni ya biashara.

Swali (mwanachama, Moshi): Mwalimu, mwenye chapa anataka mbele pawe kioo kitupu, Zimamoto wanataka mlango wa pili. Nimfuate nani?

Jibu: Zimamoto, ndugu yangu. Mwandikie mwenye chapa, ukiambatisha maelekezo ya ukaguzi, na upate idhini yake kwa maandishi kabla ya kujenga. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haitambui makubaliano yenye lengo lililokatazwa na sheria.

Swali (mwanachama, Arusha): Mkandarasi nimeletewa na mwenye chapa. Akikosea, nani anawajibika?

Jibu: Mbele ya Halmashauri huwezi kujitetea kwamba uliletewa, dada. Hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na mkataba wake ukuruhusu kuzuia sehemu ya malipo hadi jengo lipite ukaguzi wote.